Meza ya Maji ya Kilomita ya 17

Tulipofika kilomita ya 17, vijana wawili walikuwa wanakunja meza ya maji. Mmoja alikuwa ameilaza ubavu na anabana miguu yake kwa goti, mwenzake alikuwa anakaza kamba juu ya katoni zilizopangwa kwenye kirikuu, na juu ya lami zilikuwa zimetapakaa chupa ndogo zilizonywewa mafunda mawili matatu na kutupwa na waliotutangulia. Ilikuwa saa 3:15 asubuhi, mwezi Agosti, katika mbio za kilomita 21 hapa hapa mkoani Dodoma. Upepo ulikuwa unatupiga usoni na kubeba vumbi la pembezoni mwa barabara.

Nilikuwa na mwanachama mwenzangu wa klabu, mama ambaye sote tunamwita Mama Mboga kwa sababu ya biashara yake pale soko la Majengo. Alipunguza mwendo, akafuta uso kwa kitambaa alichokuwa amekifunga mkononi, kisha akawauliza:

"Wanangu, maji yamekwisha?"

"Mama, mbio zimeshaisha. Panda gari tukusogeze uwanjani."

"Zimeisha kwa nani? Mimi bado nina kilomita nne."

Kijana yule hakuwa mkorofi. Alifungua katoni moja, akatoa chupa moja, akampa kwa mikono miwili, akasema pole mama. Kirikuu ikaondoka. Tuligawana ile chupa, tukaendelea, huku malori ya kwenda Singida na kwingineko yakitupita kwa karibu, maana askari wa usalama barabarani nao walikuwa wameshaondoka.

Uwanjani tulikuta lango la kumalizia limelazwa chini na lile zulia linalosoma chipu za muda zilizofungwa kwenye viatu vya wakimbiaji limeviringishwa. Medali zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimegawiwa kwa kila aliyeingia uwanjani, wakiwemo wa mbio za kilomita 5 ambao hawakuwa wameahidiwa medali. Mgeni rasmi alikuwa anahutubia kuhusu umuhimu wa mazoezi kwa afya ya jamii.

Sitazitaja mbio hizo, kwa sababu ninachotaka kukisema hakihusu kamati moja.

Kabla ya Agosti

Klabu yetu ni kama klabu nyingi za joging za mji huu. Tunakutana Jumamosi alfajiri karibu na Chinangali, tunaimba mchakamchaka kama tulivyofundishwa shuleni, tunapanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, tunarudi, tunanyoosha viungo, tunakunywa chai. Wapo watumishi wa serikali waliohamia na wizara zao, wapo wanafunzi, yupo mzee mstaafu wa reli anayeishi Kizota, wapo mafundi na wafanyabiashara wa soko. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa kasi yangu huwa katikati ya kundi au nyuma kidogo ya katikati.

Mama Mboga alijiunga baada ya daktari kumwambia kwamba presha yake haitashuka kwa dawa peke yake. Alianza kwa kutembea. Baadaye akajifunza utaratibu ambao makocha wengi huwapa wanaoanza wakiwa na umri mkubwa: kukimbia dakika nane, kutembea dakika mbili, na kurudia hivyo mpaka mwisho. Utaratibu huo unahitaji nidhamu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu hulazimika kutembea hata anapojisikia ana nguvu, wakati wenzake wote wanakimbia. Kwa kuwa alfajiri anakwenda kupokea mboga, mazoezi yake ya katikati ya wiki aliyafanya jioni, barabara ya kuelekea Ihumwa, dhidi ya upepo. Wanaoijua Dodoma ya Julai na Agosti wanaelewa maana ya kukimbia kuelekea mashariki saa kumi na moja jioni.

Mwishoni mwa Februari tulikwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon. Nusu marathoni ya pale hupanda kuelekea Mweka kwa muda mrefu sana kabla ya kumrudisha mkimbiaji mjini, na mpando ule hauna huruma kwa mtu anayetoka nchi tambarare kama yetu. Lakini njia ile ina watu. Watoto walisimama kwenye malango ya nyumba zao, kina mama waliacha shughuli zao pembeni ya migomba, na walikuwa wanatushangilia sisi wa nyuma kwa majina ya utani waliyoyabuni papo hapo. Mama Mboga alimaliza. Medali yake aliining'iniza kwenye kibanda chake sokoni, juu ya mafungu ya mchicha, na kwa wiki kadhaa wateja walikuwa wanaigusa kabla ya kuuliza bei.

Julai alikimbia tena hapa nyumbani, akapunguza muda wake. Kwa hiyo mtu aliyefika kwenye ile meza mwezi Agosti hakuwa mtu aliyeamka siku hiyo na kujaribu bahati.

Hesabu ya jua

Jambo hili lilinisumbua kwa wiki nyingi, na mwanzoni sikuweza kueleza linanisumbua kwa nini. Chupa ya maji si kitu kikubwa. Tulimaliza salama. Nilijiambia kwamba huo ndio ukubwa wa mbio zetu, na kwamba kulalamika ni kutaka makuu.

Kisha niliketi na kalamu.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Mei na Oktoba mvua huwa karibu hakuna. Asubuhi ya Julai au Agosti ina baridi inayowafanya wageni kutoka Dar es Salaam waje uwanjani na makoti, na baridi hiyo huwadanganya. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla halijatiririka, na mtu anaweza kukimbia saa nzima akiamini hatoki jasho mpaka apitishe kidole kwenye nyusi na kukuta chumvi. Jua likishapanda, kuanzia saa tatu, hali inabadilika haraka, na kwenye barabara zetu zisizo na miti hakuna mahali pa kujificha.

Mshindi wa kilomita 21 katika mbio kama zile hutumia saa moja na dakika chache. Wa mwisho hutumia saa tatu na zaidi. Maana yake ni kwamba wa mwisho anakaa barabarani mara tatu ya muda wa mshindi, na sehemu kubwa ya muda huo wa ziada inaangukia kwenye jua kali. Mshindi anaweza kuzikimbia kilomita 21 za Agosti kwa vikombe viwili vya maji. Anayehitaji meza za maji kuliko wote ni yule anayezikuta zimekunjwa.

Nikaenda hatua nyingine. Ratiba ilisema tungeanza saa 12:00. Tulianza saa 12:45, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Kwa mshindi, dakika zile 45 hazikuwa na uzito wowote: aliondoka kukiwa na baridi, akamaliza kukiwa na ubaridi, kabla ya saa mbili. Kwa Mama Mboga, dakika zile 45 zilihamisha kilomita zake za mwisho kutoka kwenye jua linalovumilika hadi kwenye jua linalochoma.

Nimeona mbio zinachelewa kuanza tangu nilipoanza kukimbia, na siku zote nilidhani ucheleweshaji ni usumbufu unaotupata sote sawa. Haugawanywi sawa.

Mjumbe wa kamati

Nilimtafuta mmoja wa waandaaji, mtu ambaye tunaheshimiana, na tukazungumza kwa muda mrefu jioni moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja. Sikuwa nimejiandaa kwa uchovu wake.

Alinieleza kwamba vijana wale wa meza walikuwa wanafunzi walioamshwa saa nane usiku, ambao malipo yao yalikuwa fulana na chai. Kirikuu ilikuwa imekodiwa mpaka saa tatu na nusu. Kibali cha kufunga barabara kilikuwa na mwisho wake, na barabara zinazopita Dodoma si za mtaani: hapa ndipo malori ya bandarini yanapopita kwenda Kanda ya Ziwa, Rwanda na Burundi, na ndipo njia ya kwenda Kondoa, Babati na Arusha inapoanzia. Mfadhili mmoja alikuwa amejitoa wiki mbili kabla. Yeye mwenyewe alikuwa hajalala.

Nilipomuuliza vijana waliambiwa wafunge meza saa ngapi, alijibu kwamba waliambiwa saa tatu kamili. Kamati ilikuwa imekubaliana mapema kwamba mtu apewe muda wa saa tatu kufika pale, jambo ambalo ni ukarimu wa kutosha.

Muda wa saa tatu tangu lini? nikamuuliza.

Alinyamaza, kisha akakubali kwamba hesabu ilifanywa tangu saa 12:00 ya ratiba. Hakuna aliyekumbuka kuwapigia simu vijana wa meza kwamba mbio zimechelewa kuanza. Wale vijana walitungoja robo saa zaidi ya walivyoagizwa, kwa hiari yao, na bado muda waliopewa wakimbiaji ulikuwa umepungua kutoka saa tatu hadi saa mbili na nusu bila mkimbiaji yeyote kuambiwa. Mama Mboga alikuwa ndani ya muda wake. Ahadi ndiyo iliyofupishwa akiwa barabarani.

Kabla hatujaagana, mjumbe yule alisema neno ambalo limekaa nami kuliko mengine yote. Alisema: "Lakini mwalimu, tuseme ukweli. Mtu anayetumia zaidi ya saa tatu kwa kilomita 21, huyo hakimbii. Anatembea."

Alisema bila dharau. Anaamini hivyo, na wengi wanaamini hivyo. Ndiyo maana siwezi kuliacha neno hilo lipite.

Anayetembea

Kuna upande wa hoja yake ambao naukubali. Wapo watu wanaojiandikisha kwa sababu ofisi imewalipia, wanaovaa fulana kwa ajili ya picha, ambao hawajawahi kukimbia hata kilomita 5 na siku hiyo wanajitosa kwenye 21 au hata 42. Watu hao wanajihatarisha. Tena hatari haiko kwenye kiu pekee: mtu asiye na uzoefu, akienda polepole na kunywa maji matupu kwenye kila meza kwa saa nyingi, anaweza kupunguza chumvi mwilini kiasi cha kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu, na madaktari wa michezo wanajua kwamba tatizo hilo huwapata zaidi wanaokaa muda mrefu barabarani kuliko wanaokwenda kasi. Kamati inayoweka ukomo wa muda inaweza kuwa inaokoa maisha.

Lakini ukomo unaookoa maisha unaandikwa kwenye fomu. Mtu anausoma kabla hajalipa, anajipima, anaamua kama atakimbia 21 au 10. Ukomo ambao mtu anaugundua kwa kuona meza ikipandishwa kwenye gari haumwokoi yeyote, kwa sababu unamwacha barabarani bila maji na bila askari, akiwa na kilomita nne mbele yake.

Afrika Kusini wana mbio za Comrades, zilizoanza mwaka 1921, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Ukomo wake ni saa 12, na hauna msamaha hata wa sekunde moja. Njiani kuna vituo ambavyo mkimbiaji lazima avipite kabla ya muda fulani, na muda huo unatangazwa mapema. Zinapotimia saa 12, mtu mmoja husimama kwenye mstari wa kumalizia akiwapa mgongo wakimbiaji, ili asimwone anayekuja na kumhurumia, kisha hufyatua bunduki. Aliyefika baada ya mlio huo hapati medali, hata kama alibakisha hatua mbili.

Ni ukali mkubwa. Hata hivyo, dakika za mwisho kabla ya mlio huo ndizo ambazo uwanja hujaa kelele kuliko hata mshindi anapoingia. Watu hubaki mpaka mwisho kwa sababu wanajua mwisho uko wapi, na kwa sababu saa ya mwisho inaheshimiwa kama ya kwanza. Nimefikiri sana kuhusu jambo hilo. Nilipoanza kuandika makala hii nilidhani ninataka kamati zetu ziwe na huruma zaidi. Sasa nadhani ninataka ziwe wazi na kali zaidi, halafu zitimize walichoahidi.

Tokyo, usiku

Katikati ya wiki hizo za kufikiri ikaja alfajiri ya tarehe 15 Septemba 2025.

Wengi wa klabu hatukulala. Mbio za marathoni za ubingwa wa dunia Tokyo zilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu, na ilipokaribia saa tisa na dakika arobaini Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, jirani zetu kabisa, aliingia kwenye mita za mwisho sambamba na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ndiyo iliyoamua. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Mzee wa Reli alinipigia simu akiwa analia, na sote wawili hatukuweza kumaliza sentensi.

Kanda hii ya kati imezoea kutoa wakimbiaji. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, ni mzaliwa wa Dodoma. Ushindi wa Simbu uliwaingiza watu wengi barabarani. Jumamosi iliyofuata kundi letu lilikuwa na sura ambazo sikuzijua, vijana kwa wazee, na wengine wakiwa wamevaa raba za kuendea kazini.

Furaha ile haijaniisha hadi leo, na ndani yake ndimo nilimoliona jambo langu kwa uwazi zaidi. Kule mbele, mitambo iliwekwa ili kutenganisha sehemu tatu za mia za sekunde, kwa sababu watu walikubaliana kwamba juhudi ya binadamu inastahili kupimwa kwa usahihi wa namna hiyo. Mwezi mmoja kabla, mama wa hapa hapa Dodoma, aliyelipa ada ileile na kufunga chipu ileile kwenye kiatu, alifika uwanjani na kukuta chombo cha kusomea chipu kimeviringishwa. Katika matokeo yaliyotolewa, mbele ya namba yake hakuna muda. Kwa yeyote atakayesoma orodha ile, hakumaliza.

Tarehe 20 Oktoba 1968

Kila ninapozungumza habari hizi, mtu hunitajia John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni katika Olimpiki ya Mexico ya 1968. Hunitajia kama jibu: nchi yetu inawaheshimu wa mwisho, ndiyo maana tunamkumbuka. Maneno aliyoyasema usiku ule Mexico kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, yanajulikana na wengi waliopita shule ya msingi.

Nimeiangalia habari ile upya, na naona tunaikumbuka kwa pupa. Akhwari hakuwa mkimbiaji wa mwisho kwa uwezo. Alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa Afrika wa wakati wake, akaanguka, akaumia goti, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia kwa saa 3:25:27, na huo ni muda ambao sehemu kubwa ya wanaokimbia marathoni katika mbio zetu leo, mimi nikiwemo, tungeusherehekea kwa kuchinja mbuzi.

Kwa hiyo sipendi afananishwe na sisi. Tunachoweza kujifunza katika usiku ule hakiko kwake tu. Kiko pia kwa waliokuwa wamebaki. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza likiwa limeingia, bado kulikuwa na njia ya kuingilia uwanjani, bado kulikuwa na watu wa kushangilia, bado kulikuwa na kamera, na bado kulikuwa na mtu mwenye saa aliyesimama kwenye mstari akaandika 3:25:27. Mtu huyo hatumjui. Kama angekuwa amekunja vitu vyake na kwenda hotelini, ushujaa wa Akhwari ungebaki uleule, lakini sisi tusingekuwa na la kuwasimulia watoto.

Daftari la Mzee wa Reli

Mwanzoni mwa Oktoba kulikuwa na mbio ndogo katika wilaya jirani, za kuchangia madawati ya shule. Klabu yetu iliomba kitu kimoja: tusimamie meza ya mwisho ya maji sisi wenyewe. Waandaaji walifurahi, wakatuambia tuje na meza yetu.

Tulikubaliana wachache wetu tusikimbie siku hiyo. Mama Mboga alikuja na ndoo mbili zenye mifuniko. Moja ilikuwa ya maji safi. Nyingine ilikuwa ya mchanganyiko ambao kila mzazi aliyewahi kuuguza mtoto wa kuharisha anaufahamu, yaani lita moja ya maji safi kwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ila yeye aliuongezea ubuyu ili unyweke. Alikata machungwa vipande, akaviweka kwenye sinia na kulifunika kwa wavu wa kuzuia nzi. Tulikuwa na vikombe vya kuosha badala ya chupa, na mabeseni mawili ya kuoshea, jambo lililopunguza takataka na pia likapunguza maji yanayomwagwa bure.

Lakini mtu muhimu kuliko wote pale mezani alikuwa Mzee wa Reli na daftari lake.

Alikuwa ameomba idadi na namba za wote waliotoka kwenye mstari wa kuanzia. Kila mkimbiaji alipopita, alisoma namba kifuani na kuikata kwenye orodha. Nilimuuliza kwa nini asihesabu tu kwa saa, akaniambia kwamba zamani, treni ilipopita stesheni, mkuu wa stesheni hakuangalia saa kujua kama njia iko huru. Aliangalia taa ya mkiani kwenye behewa la mwisho. Bila kuiona taa ile hakuwa na uhakika kwamba treni imepita yote, kwa sababu behewa linaweza kukatika na kubaki njiani, na njia haifunguliwi kwa treni nyingine mpaka behewa hilo lipatikane.

Saa tatu na nusu ilipita. Kwenye daftari zilibaki namba mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa wa klabu yetu, aliyekuja akitembea kwa hatua fupi na imara, kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Alikunywa vikombe viwili vya ule mchanganyiko akiwa amesimama, akala kipande cha chungwa, akauliza kama uwanjani bado kuna watu. Mzee wa Reli alipiga simu mbele yake kwa mtu aliyekuwa kwenye mstari wa kumalizia, akamtajia namba yake na kumwambia asiondoke. Mama yule alisikia mazungumzo yote, akashukuru, akaendelea.

Ya pili haikuonekana. Tulingoja. Mwanachama mmoja mwenye pikipiki alirudi nyuma kuitafuta, akamkuta kijana wa miaka kama ishirini ameketi kwenye jiwe chini ya mbuyu, misuli ya mapaja imembana kiasi cha kushindwa kusimama. Alikuwa amekaa pale karibu nusu saa. Alikuwa peke yake na hakuwa na simu. Pikipiki ilimleta mezani, akanywa polepole, Mama Mboga akamkanda miguu kwa maji, na baada ya muda alisema hataendelea. Hakuna aliyemsihi. Mzee wa Reli aliandika mbele ya namba yake: ameacha, yuko salama, saa 4:05. Akafunga daftari, nasi tukaanza kukunja meza.

Nimemfikiria sana kijana yule. Kama tungefunga kwa kufuata saa, angeendelea kukaa chini ya mbuyu ule, kwenye jua linalopanda, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba kuna mtu amebaki njiani. Mimi nilikuwa nimeishughulikia habari hii kama suala la heshima na medali. Pale niliona kwamba kabla ya heshima kuna jambo la msingi zaidi, la kujua ni nani bado yuko barabarani.

Barua

Tumeandika barua kwa waandaaji kadhaa wa mbio za kanda hii kwa ajili ya msimu ujao. Haina lawama kwa yeyote. Tumeomba ukomo wa muda uandikwe kwenye fomu ya kujiandikisha na uhesabiwe tangu mbio zinapoanza kweli, si tangu saa ya ratiba. Tumeomba mbio zikichelewa, anayesimamia kila meza apigiwe simu, maana ni simu chache tu. Tumeomba medali zigawiwe kwa kufuata namba na umbali aliojiandikisha mtu. Tumeomba namba za walioanza zilinganishwe na za waliomaliza kabla ya gari la wagonjwa kuruhusiwa kuondoka, na tumejitolea kusimamia meza ya mwisho bila malipo, popote tutakapoalikwa kati ya Manyoni na Mpwapwa.

Kuhusu hotuba ya mgeni rasmi, tulibishana sana. Wengine walitaka tuombe ifanyike kabla ya mbio, wengine wakasema hilo ndilo litakalozidi kutuchelewesha. Mwishowe tuliomba tu kwamba mbio zianze kwa wakati hata kama bado yuko njiani, kisha atukute tunarudi.

Kamati mbili zimeshajibu. Moja imekubali yote isipokuwa suala la mgeni rasmi, ambalo wamesema liko juu ya uwezo wao. Nyingine imekubali daftari na meza, lakini imeuliza ni nani atakayelipia saa moja ya ziada ya gari la wagonjwa na wahudumu wake. Ni swali la haki. Mama Mboga ameomba wapewe gharama halisi kwa maandishi, na kikao cha kuamua kiasi tutakachochanga ni Jumamosi hii, baada ya mazoezi.